Nani Alijibu Hewa

Kwanza ulikuwa mluzi. Mwembamba, wa kukereketa, kama wa birika lililosahaulika jikoni. Ulipenya ukuta wa chuma ukamkuta Imelda Cantú kwenye korido, funguo za gari bado mkononi, nywele mbichi kwa ile mvua ya mji wa Webster isiyojua kama inanyesha au inaning'inia tu hewani. Aliusikia mluzi huo kila wiki kwa miaka sita. Asubuhi hiyo ulimsimamisha pale pale.

"Bi Imelda, ni wewe?" Sauti ya Wendell Guidry iliita kutoka ndani. "Ingia! Mwezi unavuta pumzi!"

Mwezi lilikuwa jina walilolipa tangi: chuma kilicholazwa ubavu, kirefu kama basi, mlango wake wa duara mzito kuliko gari la Imelda. Ukifunga mlango huo na kuwasha pampu, hewa yote iliyomo hunyonywa hadi pasibaki kitu. Kuta za ndani, nyeusi ti, hupozwa hadi ziwe baridi kuliko usiku wowote wa duniani, na taa kubwa za juu hugeuka jua. Humo, kwa siku nne zilizopita, lilikaa Sanduku: seva arobaini zilizobanwa kama dagaa kwenye kopo, na bawa moja jeupe la kumwagia joto. Sanduku ndilo lililotakiwa kuthibitisha kwamba kituo cha data kinaweza kuwekwa mwezini kikafanya kazi bila kujiunguza.

Jaribio lilikwisha alfajiri. Sasa tangi lilikuwa likijazwa nitrojeni kavu badala ya hewa ya kawaida, maana hewa ya pwani ya Texas ni nusu maji; ukiiacha iguse vyombo vyenye baridi, seva zitatoka jasho na kufa. Ndiyo huo mluzi.

Wendell alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kikombe cha kahawa gotini. Miaka sitini na mmoja, mikono ya mchomeleaji, masharubu meupe, lafudhi ya Louisiana ambayo miaka thelathini ya Texas ilishindwa kuisugua. Kila waya uliokuwa ndani ya tangi aliufunga yeye.

"Umeona namba?" Imelda aliuliza.

"Nimeziona."

"Zinaonekanaje?"

"Nzuri." Alinywa funda. "Nzuri mno. Kama bwana harusi asiye na dosari hata moja. Ukiona hivyo, binti, muulize ana wake wangapi."

Imelda hakucheka. Namba hizo zilikuwa zimemnyima usingizi. Kazi yake ilikuwa joto, na joto ndilo adui wa jambo hili zima. Watu wakisikia mwezi hudhani baridi, hudhani kompyuta zitapoa zenyewe huko kama bia kwenye barafu. Hawajui kwamba huko hakuna upepo wa kubeba joto likaenda zake. Joto linaweza kutoka kwa njia moja tu, kwa kung'aa polepole kuelekea angani, nalo bawa lazima lione anga tupu ili lifanye kazi hiyo.

"Unataka kupoza chai ndani ya chupa ya chai," Wendell alimwambia bosi wao siku ya kwanza, na bosi akacheka sana, akaitumia kauli hiyo kwenye mikutano kana kwamba ni yake.

Bosi huyo, Garrett Lindholm, hakuwa tapeli. Imelda angependa awe tapeli, ingekuwa rahisi. Kimbunga kilizamisha nyumba yake, kikazamisha pia orofa ya chini ya hospitali alikolazwa mama yake, na kumbukumbu zote za wagonjwa zikalowa ndani ya mashine. Kwa saa kumi na nane hakuna daktari aliyejua yule mama alikuwa amepewa dawa gani. Tangu hapo Garrett alikuwa na sentensi moja: "Mwezini hakuna mafuriko." Naye Wendell alikuwa na jibu lake: "Hakuna mafuriko, hakuna hewa, hakuna fundi."

Kesho saa tatu asubuhi wakaguzi wa wateja wangeketi kuzunguka meza moja na kuuliza kila idara kama jambo linawezekana. Joto lingeitwa. Imelda angejibu.

"Ni bamba la sakafuni, lile la kuiga ardhi ya mwezini," Wendell alisema, kana kwamba amesikia anachowaza. "Nimekuwa nikilifikiria siku zote hizi. Siku zote nne bamba lilikuwa bovu. Tuliwasha jua juu, lakini ardhi chini ikabaki baridi. Na ardhi ya mwezini mchana ni kikaango."

"Garrett anasema bawa linatazama juu, si chini."

"Garrett hajalifunga bawa kwa mikono yake. Mimi nimelifunga. Ukingo wa chini umelala kidogo, hivi." Aliinamisha kiganja. "Unaiona ardhi. Huko juu utaota moto wa kikaango siku kumi na nne mfululizo, na Sanduku litaungua kabla ya adhuhuri ya kwanza. Tumepima humu ndani, tukaandika kwamba tumepima kule."

Imelda alikitazama kiganja kilichoinama. Alijua ni kweli. Habari ya ukingo ule alikuwa akiijua kwa wiki tatu, kama mtu anavyojua uvimbe ambao hataki kuugusa.

"Bamba linaweza kutengenezwa?"

"Nimeshatengeneza jipya Jumapili, uani kwangu, mke wangu Earline akinitukana kwa kuchafua meza yake ya nje. Nahitaji kuingia, nilichomeke, nibandike vipimajoto vinne kwenye ukingo ule. Dakika ishirini. Tukifunga mlango kabla ya saa sita, pampu zitamaliza kazi jioni, na kesho alfajiri utakuwa na namba za kweli, ziwe tamu ziwe chungu."

"Basi tufanye."

"Sasa unaongea kama mtu wa kwetu."

Mluzi ulififia, kisha ukakatika. Tangi limejaa. Wakafungua kufuli za mlango, moja moja, wakausukuma kwa mabega yao mawili. Ndani palikuwa na weusi na harufu ya chuma baridi.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya Darlene Hruska, mwenye idara ya hewa. Darlene alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye mama yake alikuwa na duka la mikate ya Kicheki huko mji wa West, na ambaye kila Januari aliwakalisha wote chini kama watoto wa shule. "Vipenzi vyangu," huwaambia, "tangi likiwa na nitrojeni, feni ifanye kazi nusu saa kamili. Kisha mimi, si wewe, mimi, napima juu, katikati na chini kabisa, kwa sababu nitrojeni ya baridi hulala sakafuni kama mbwa mvivu. Na ukiona mwenzio ameanguka humo, usimfuate. Ukimfuata, nitakuja kubeba wawili."

Lakini Darlene hakuwepo. Aliiwasha feni kubwa ya sakafuni, akaielekeza mlangoni, ndipo simu ikaita: wageni wa Garrett, wale wakaguzi wa kesho, wamefika getini saa nzima kabla ya miadi yao, na mlinzi haruhusu mtu kupita bila sahihi ya Darlene.

"Dakika kumi, kipenzi," alimwambia Imelda, akavua kipima hewa shingoni na kukiweka mezani ili kisigongane na vitambulisho vya wageni. "Msiguse kitu."

Dakika kumi zikawa ishirini na tano. Wendell alikuwa amevaa ovaroli nyeupe na kofia ya kitambaa, bamba kwapani, vipimajoto vinne vikining'inia kidoleni kama samaki wadogo. Imelda alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Alitazama tena. Mlango usipofungwa kabla ya saa sita, pampu hazitawahi, na kesho atasimama mbele ya watu wale akiwa na namba za uongo.

"Nusu saa imekaribia," alisema.

"Imekaribia," Wendell alikubali. Kamba ya kiunoni, ya kumvutia mtu nje akizidiwa, aliiacha kwenye ndoano. "Itang'oa nyaya zangu zote. Wewe ita tu majina, tuanze."

Kuita majina ilikuwa desturi ya mji mzima. Waliirithi kutoka kwa wale waliowaongoza binadamu wa kwanza kushuka mwezini, katika majengo yaliyo dakika kumi kwa gari kutoka hapo. Kabla ya jambo lolote la hatari, mmoja huita kila idara, na mwenye idara, yeye mwenyewe, hujibu "tayari" au "hapana". Hapana moja husimamisha kila kitu, hata akiitoa mdogo kuliko wote. Wendell aliifanya hata garini na mkewe. "Mkanda?" "Tayari." "Pochi?" "Tayari." "Jiko umezima?" Hapo Earline hunyamaza, na wote wawili hushuka garini wakarudi ndani kuangalia. Kimya nacho ni jibu.

Imelda alisimama kando ya mlango.

"Pampu?"

"Zimezimwa. Tayari," Wendell alijibu, mgongo wake tayari umemwelekea Imelda, uso umeelekea gizani.

"Nitrojeni?"

"Nimefunga. Tayari."

"Umeme?"

"Umekatwa. Tayari."

"Joto?" aliita Imelda, na mwenyewe akajibu, "Tayari."

Kisha: "Hewa?"

Feni ilivuma. Hakuna aliyejibu. Juu ya meza, kipima hewa cha njano kilikuwa kikiwaka taa ndogo ya kijani, na namba yake ilisomeka wazi: oksijeni asilimia ishirini nukta tisa. Hewa safi. Hewa kamili. Imelda aliiona namba hiyo kama anavyoiona mtu anayeitaka.

"Tayari," alisema.

Wendell akakanyaga ndani.

Hatua nne, tano. Imelda alisikia viatu vyake juu ya bamba la chuma. Alisikia pia kitu kingine, chembamba sana, chini ya mvumo wa feni, na kwa muda wa pumzi moja akili yake ilikataa kukipa jina. Mluzi. Ule ule. Mdogo kama wa mbu.

Vali haikuwa imefungwa hadi mwisho. Kwa dakika zote hizo ishirini na tano, feni ikipuliza hewa mlangoni, nitrojeni ilikuwa ikiingia kimyakimya kutoka nyuma, ikilala sakafuni na kupanda. Na kipima hewa juu ya meza kilikuwa kimepima meza.

"Bwana Wendell?"

Roli ya utepe wa gundi ilianguka mle ndani, ikabingirika, ikaegemea kitu, ikatulia.

"Bwana Wendell! Toka! Toka sasa hivi!"

Aliinama akatazama. Alikuwa amelala ubavu chini ya bawa, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu aliyejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Kipimajoto kimoja kilikuwa bado kidoleni. Hakukuwa na kikohozi. Hakukuwa na mkono shingoni. Nitrojeni haikabi, haina harufu, haiwashi. Mtu huvuta pumzi mbili zisizo na kasoro yoyote, na ya tatu haipo.

Mguu wa Imelda ulikuwa umeshavuka kizingiti. Hakuutuma, ulikwenda wenyewe. Wendell alikuwa mita tatu tu kutoka hapo; angeweza kumfikia kwa hatua nne, angebana pumzi, angemshika kola, angemvuta. Mwili wake wote ulikuwa ukimwambia hivyo kwa kelele. Na mahali fulani nyuma ya kelele hiyo, Darlene alikuwa akisema: nitakuja kubeba wawili.

Akaurudisha mguu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na lilionekana kama woga.

Alipiga kitufe chekundu kwa ngumi. King'ora kikalia. Akakimbilia vali, akaizungusha. Iligoma, kisha ikakubali robo duara, na mluzi ukafa. Mtungi wa hewa na barakoa vilikuwa kabatini upande wa pili wa ukumbi, hatua ishirini. Alizikimbia. Mlango wa kabati ulikuwa na pini ya plastiki, vidole vyake vilikuwa vimekuwa vya mtu mwingine. Akaivunja kwa meno.

Mlango mkubwa wa ukumbi ukafunguka. Garrett aliingia mbele, shati limenyooka, tabasamu la wageni bado usoni, nyuma yake Darlene na watu wanne wenye kofia mpya za plastiki. Aliona tangi liko wazi. Aliona viatu vyeupe.

"Wendell!" alipiga kelele, akakimbia.

Imelda alimrukia akiwa na mtungi begani. Walianguka wote wawili juu ya saruji, hatua mbili kutoka kizingitini. Garrett alikuwa na nguvu. Alimburuta.

"Niache! Yule ni Wendell!"

"Najua ni Wendell! Hakuna hewa mle!"

"Atakufa!"

"Na wewe utakufa juu yake! Lala chini, mjinga wewe!" Akamuuma mkono. Akamuuma kwa dhati, akasikia ladha ya damu, na Garrett akaacha, macho yamemtoka.

Darlene hakuuliza swali hata moja. Aliikamata feni kwa mikono miwili akaisukuma hadi ndani ya mdomo wa tangi, akaivuta ya pili kutoka ukutani, akahesabu tangu king'ora kilipolia, kwa sauti kubwa, sauti ya mama anayeita watoto toka barabarani. "Sekunde sabini! Imelda, kaza mkanda wa nyuma! Wa nyuma, kipenzi! Sasa vuta pumzi nikuone. Nenda!"

Imelda akaingia Mwezini.

Ndani ya barakoa hapakuwa na dunia, palikuwa na pumzi yake tu, ikienda na kurudi kama msumeno. Kuta nyeusi zilimeza mwanga wa taa ya kichwani. Kila kitu alichokuwa amekisoma kwa miaka sita kuhusu mahali pasipo hewa kilikuwa hapa, kinamgusa mabega, hakina hasira naye, hakimjui. Alimfikia Wendell. Uso wake ulikuwa na rangi ya zambarau chini ya masharubu meupe, na ulikuwa mtulivu, na utulivu huo ndio ulimfanya Imelda alie ndani ya barakoa bila sauti.

Akamshika kola kwa mikono miwili. Akavuta. Wendell hakusogea: kiatu kilikuwa kimenasa chini ya mguu wa bawa.

"Sekunde mia na thelathini!" ilitoka sauti ya Darlene kutoka sayari nyingine.

Akalipiga teke bawa. Akalipiga tena. Bawa jeupe, kazi ya miaka miwili ya watu thelathini, lilipasuka katikati kama sahani, kiatu kikaachia, naye akaanza kurudi kinyumenyume, akimburuta mtu mzito kuliko yeye, hatua, hatua, hatua, hadi mikono mingi ikawapokea.

Darlene alipiga magoti kifuani mwa Wendell akaanza kukandamiza. Garrett, mkono unavuja damu, alikishika kichwa na kumpulizia pumzi kila alipoambiwa. Imelda alikaa sakafuni na barakoa yake bado usoni; hakuna aliyekumbuka kumvua. Aliangalia kifua kile. Hakuwa na sala aliyoikumbuka hadi mwisho. Alikuwa na neno moja tu linalozunguka kichwani, nalo ni lile alilolisema.

Katika dakika ya nne Wendell alikoroma, akatapika kahawa, akavuta hewa kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, sauti nzuri kuliko zote zilizowahi kusikika katika jengo lile.

*

Daktari wa hospitali ya Webster alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu, na hakutaka kuahidi kitu. Moyo unapiga vizuri, alisema. Kuhusu kichwa, tungoje. Ubongo uliokosa hewa muda ule hutoa majibu yake polepole.

Earline Guidry alifika na aproni yake ya mkahawa wa shule, unga bado kwenye viwiko. Alimkumbatia Imelda kwa nguvu. "Mungu akubariki, mwanangu. Wameniambia uliingia ukamtoa." Imelda alisimama ndani ya mikono hiyo kama ubao. Hofu aliyokuwa nayo pale kizingitini ilikuwa imepata mahali papya pa kukaa.

Garrett alikuwa koridoni, bandeji mkononi. Alimvuta kando. "Wageni nimewaambia ni ajali ya vali. Ndivyo ilivyo, si ndiyo? Na mkutano wa kesho hauahirishwi, wamesharuka nusu ya nchi kuja. Namba za siku nne tunazo. Wakiita joto, wewe utajibu tu kwa zile zilizopo." Alikuwa anaogopa. "Imelda, tukikosa hili hakuna kampuni."

Imelda alimwacha amesimama. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Ilikuwa saa kumi jioni Wendell alipofungua macho. Earline akamrukia mkono. "Mzee! Mzee wangu, unaniona?"

Alimtazama muda mrefu. "Lucille," alisema.

Earline aliganda. Lucille alikuwa dada yake Wendell, aliyezikwa Lake Charles miaka kumi na miwili iliyopita.

"Mimi Earline, mpenzi. Earline wako."

Macho yalihama polepole, yakapita dirisha, yakapita dripu, yakamkuta Imelda mlangoni. Yakabaki hapo. Midomo yake ilijaribu neno, ikakosa, ikajaribu tena. Imelda alisogea hadi pembeni ya kitanda.

"Mkanda?" alisema Wendell, kwa ulimi mzito.

Earline alitoa kicheko kilichovunjika katikati. "Tayari," akamjibu, machozi yakimtiririka. "Tayari, mzee."

"Pochi?"

"Tayari."

Wendell alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo yenye giza. Hakuuliza kuhusu jiko.

"Hewa?" alisema. "Mtu... alijibu hewa. Nilisikia. Nilidhani ni Darlene." Akamtazama Imelda. "Nani alijibu hewa?"

Mashine ya moyo ilihesabu. Earline aliinua uso, akimtazama huyu, akimtazama yule. Imelda aliiona njia ya kutokea: vali. Neno moja tu. Lilikuwa la kweli, na lingetosha, na mikono ile yenye unga ingeendelea kumbariki.

"Ni mimi," alisema. "Darlene hakuwepo. Niliona namba kwenye meza, nikajibu kwa ajili yake. Nilitaka tuwahi. Ni mimi, Bwana Wendell. Earline, ni mimi."

Earline aliuachia mkono wa mumewe. Alimtazama Imelda kwa macho ambayo Imelda alijua atayakuta mbele yake kila atakapofumba yake, kisha akageukia dirisha, mgongo wake mpana ukipanda na kushuka.

Wendell alifumba macho, wakadhani amelala tena.

"Mimi nami... sikukaza vali," alisema mwisho. "Na kamba." Pumzi. "Kesho wataita joto."

"Wataita."

"Na wewe hujui... joto la ukingo. Hakuna aliyepima."

"Hakuna."

"Huko juu," Wendell alisema, akiyavuta maneno moja moja kama mtu anayevuta ndoo kisimani, "hakuna wa kukuburuta kola."

Alikuwa amechoka. Kope zake zilishuka. Imelda aliona hofu ndani yake, ya mzee asiyejua kesho ataamka akiwa na maneno mangapi, na hofu hiyo ikakutana na yake, zikakaa pamoja bila aibu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akauchukua ule mkono wa mchomeleaji ambao Earline aliuachia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, na hadi koridoni pia:

"Nisikilize, Bwana Wendell. Kesho saa tatu, wakiita joto, mimi sitajibu. Nitaiweka simu katikati ya meza, spika wazi, na wewe uliyelifunga bawa lile utawajibu mwenyewe ukiwa hapa kitandani. Na kama sauti yako haitatoka, nitaacha kimya kikae pale mezani, wakisikie wote, hata Garrett akinifukuza kazi papo hapo. Sitajibu tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Si wako, si wa Darlene, wala wa mahali ambapo sijapapima. Nakuahidi, mbele ya Earline."